Pointi 0.150: uchambuzi wa kisa cha Dipa Karmakar na mruko wa Produnova

Tarehe 14 Agosti 2016, jijini Rio de Janeiro, katika fainali ya mruko ya jimnastiki ya wanawake kwenye Olimpiki, Dipa Karmakar, msichana mfupi kutoka Agartala nchini India, alisimama mwisho wa njia ya kukimbilia, akainua mkono kuwasalimu majaji, kisha akaanza mbio. Alikanyaga ubao wa kurukia, akajisukuma kwa mikono juu ya meza yenye kimo cha mita 1.25, akajikunja hewani na kupiga samasoti mbili za mbele kabla ya kugusa chini. Alitua akiwa amechuchumaa mno, kiasi kwamba makalio yalikaribia kabisa kugusa godoro, kisha akainuka, akanyoosha mikono na kutabasamu. Mruko ule, uitwao Produnova, ulimpa 15.266, na wa kwanza ulikuwa umempa 14.866, hivyo wastani wake ulikuwa 15.066. Giulia Steingruber wa Uswisi alipata 15.216 na kuchukua shaba, naye Dipa akabaki wa nne kwa pengo la pointi 0.150.

Tangu siku hiyo kisa hiki husimuliwa kama kisa cha ujasiri: binti wa jimbo la pembezoni aliyethubutu kufanya mruko ambao wenzake wenye mafunzo bora waliukwepa. Sipingi kwamba ujasiri ulikuwepo. Hata hivyo, simulizi ya ujasiri huficha jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi, nalo ni kwamba uamuzi wa Dipa na kocha wake, Bishweshwar Nandi, ulikuwa hesabu. Walikuwa wameangalia walichonacho na walichokosa, wakaona kwamba mlango mmoja tu ndio uliobaki wazi, na mlango huo ulikuwa na bei yake.

Hesabu yenyewe haieleweki bila kujua alama zilivyokuwa zikitolewa. Kila mruko hupewa alama mbili zinazojumlishwa. Ya kwanza ni ya ugumu, ambayo imeshaandikwa kwenye kanuni kabla mchezaji hajaanza kukimbia. Ya pili ni ya utekelezaji, ambayo huanzia 10 na kupunguzwa kwa kila kosa: 0.1 kwa dosari ndogo, 0.3 kwa ya kati, 0.5 kwa kubwa, na pointi nzima kwa kuanguka. Katika kanuni zilizotumika hadi mwaka 2016, Produnova ulikuwa na ugumu wa 7.0, ukiizidi miruko yote waliyokuwa wakiifanya wanawake. Simone Biles, aliyeshinda dhahabu siku ile kwa wastani wa 15.966, alitumia miruko yenye ugumu wa 6.3 na 6.4. Ukijumlisha ugumu wa miruko miwili ya kila mmoja, Biles ana 12.7 naye Dipa, ambaye mruko wake wa kwanza ulikuwa wa 6.0, ana 13.0. Kwa maneno mengine, kabla hawajakimbia hata hatua moja, Dipa alikuwa mbele ya bingwa wa dunia. Alichopoteza chote alikipoteza katika utekelezaji, ambako Biles alikusanya zaidi ya 19 kati ya 20 naye akakusanya 17 na kidogo.

Tofauti hiyo ya alama mbili na ushee ndiyo kiini cha kisa, kwa sababu ugumu na utekelezaji havipatikani kwa njia moja. Utekelezaji safi, yaani miguu iliyonyooka, vidole vilivyochongoka na kutua bila kuyumba, hujengwa kwa miaka mingi juu ya vifaa vizuri, chini ya makocha kadhaa wenye utaalamu tofauti, pamoja na mashindano mengi ya nje ambako mchezaji huzoea jicho la majaji. Ugumu unaweza kujengwa na kocha mmoja, mwanafunzi mmoja na rundo la magodoro, mradi wote wawili wakubali kurudia jambo moja mamia ya mara na kuishi na hofu ya kila jaribio. Nandi alikuwa na mwanafunzi na alikuwa na magodoro.

Dipa alizaliwa tarehe 9 Agosti 1993 mjini Agartala, makao makuu ya Tripura, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa India ambalo limezungukwa na Bangladesh pande tatu. Baba yake, Dulal Karmakar, alikuwa kocha wa kunyanyua vyuma, na ndiye aliyempeleka kwenye jimnastiki akiwa na umri wa miaka sita hivi. Hapa kisa kinaachana na mkondo uliozoeleka wa binti anayepigana na wazazi wake ili aruhusiwe kucheza, kwa sababu katika nyumba hii baba ndiye aliyetaka, na mtoto ndiye aliyekuwa mzito mwanzoni. Tatizo la kwanza lilikuwa kwenye nyayo zake. Dipa alikuwa na unyayo bapa, usio na upinde katikati, na kwa mrukaji hiyo ni kasoro kubwa, kwa kuwa upinde wa mguu ndio springi ya mwili wakati wa kukanyaga ubao na ndio unaopokea mshindo wa kutua. Nandi alitumia muda mrefu kumfanyisha mazoezi ya kuujenga upinde huo, kazi ya kuchosha na isiyopigiwa makofi na mtu.

Ukumbi waliokuwa nao ulikuwa duni. Inasimuliwa kwamba vifaa vya mwanzo vya kurukia viliundwa kwa vipuri vya pikipiki za skuta zilizochakaa, na kwamba katika shindano lake la kwanza Dipa alivaa vazi la kuazima lililompwaya. Shimo la sponji, ambalo katika kumbi za nchi zilizoendelea kimchezo ndiko mchezaji hutumbukia salama anapojifunza mruko mpya, halikuwepo. Badala yake yalipangwa magodoro, moja juu ya jingine. Msomaji aliyewahi kuona vijana wa sarakasi wakijifunza kupinduka ufukweni kwenye mchanga laini ataelewa mantiki hiyo, ila mchanga husamehe kuliko godoro lililolala juu ya sakafu ya saruji.

Hata hivyo lingekuwa kosa kudai kwamba Agartala ilikuwa jangwa. Mji huo ulikuwa na desturi ya jimnastiki tangu kabla Dipa hajazaliwa, na Mantu Debnath wa Tripura alikwisha kupata Tuzo ya Arjuna, heshima ya taifa kwa wanamichezo, katika miaka ya 1970. Nandi mwenyewe aliwahi kuwa mwanajimnastiki. Ujuzi ulikuwepo na ulirithishwa kutoka kizazi hadi kizazi, ila vifaa, fedha na mashindano ndivyo vilivyokosekana. Nasisitiza jambo hili kwa sababu waandishi wengi wa Delhi na Mumbai walipogundua kwamba Dipa yupo, waliandika kana kwamba alichipuka kwenye mwamba mtupu, jambo linaloufuta mchango wa watu waliofundisha watoto kwa miongo kadhaa bila ya kamera hata moja.

Kitaifa hali ilikuwa tofauti. India ilikuwa imepeleka wanajimnastiki 11 kwenye Olimpiki, wote wanaume, na wa mwisho walishiriki Tokyo mwaka 1964. Medali ya kwanza ya nchi katika jimnastiki ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilipatikana mwaka 2010 tu mjini Delhi, kupitia Ashish Kumar. Kwa hiyo msichana aliyechagua jimnastiki kama kazi alikuwa akichagua njia ambayo hakuna mwanamke wa nchi yake aliyewahi kuifikisha mwisho, na ambayo haikuwa na ligi, mshahara wala soko. Mwaka 2011, katika Michezo ya Kitaifa ya India, Dipa alishinda dhahabu tano: ya jumla na ya kila kifaa. Alikuwa na umri wa miaka 17 na alikuwa amefika kileleni nyumbani, lakini kilele hicho kilipowekwa kwenye mizani ya dunia kilionekana kuwa kilima kidogo sana.

Hapo ndipo uamuzi ulipofanyika. Uongezaji wa ugumu kwa kawaida hufuata njia ya misokoto: mchezaji huongeza nusu mzunguko, kisha mzunguko mzima, juu ya mruko anaoujua. Hiyo ndiyo njia ya Biles na ya Maria Paseka wa Urusi, aliyepata fedha siku ile. Inahitaji mafunzo ya aina fulani tangu utotoni, hasa ya kuingia mezani kinyumenyume, ambayo Dipa hakuyategemea. Produnova hauna msokoto hata mmoja. Unaingia kwa mikono ukiwa umeelekea mbele, unajisukuma kwa nguvu zote, unajikunja na kuzunguka. Unachohitaji ni mbio, msuli wa mapaja na mabega, na uwezo wa kuhesabu mizunguko bila kuiona sakafu mpaka dakika ya mwisho. Hicho ndicho alichokuwa nacho msichana huyu, ambaye nguvu zake zilikuwa dhahiri hata pale mistari ya mwili wake ilipokosa unadhifu.

Jina la mruko linatokana na Mrusi Yelena Produnova, aliyeufanya mwaka 1999. Baada yake waliofanikiwa kuutua mashindanoni walihesabika kwa vidole: Yamilet Peña wa Jamhuri ya Dominika, Fadwa Mahmoud wa Misri, Oksana Chusovitina wa Uzbekistan, na Dipa. Tazama majina ya nchi hizo, kwa kuwa hakuna hata moja ambayo wakati huo ilikuwa dola kubwa la jimnastiki ya wanawake, na Urusi yenyewe, yenye uwezo wa kuchagua, ilishaiacha njia hiyo. Mruko ulioitwa na magazeti mruko wa kifo ulikuwa, kwa vitendo, mruko wa wasio na kitu kingine cha kuuza. Mzunguko ukipungua kidogo, mchezaji hutangulia kwa shingo au mgongo, na ukizidi, hubiringika mbele kama gurudumu. Chusovitina, akiwa na miaka 41, aliujaribu katika fainali ileile ya Rio na akabiringika, akamaliza wa saba.

Hesabu ilianza kulipa mwaka 2014 mjini Glasgow, pale Dipa alipopata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola na kuwa mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya jimnastiki katika michezo hiyo. Mwaka 2015 alipata shaba nyingine katika mashindano ya Asia huko Hiroshima, kisha akawa wa tano katika fainali ya mruko ya mashindano ya dunia, tena Glasgow. Mwezi Aprili 2016, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Rio, alikusanya 52.698 na kupata tiketi ya Olimpiki. Ilikuwa imepita miaka 52 tangu Mhindi wa mwisho ashiriki jimnastiki ya Olimpiki.

Olimpiki yenyewe ilionyesha nguvu na udhaifu wa mkakati kwa wakati mmoja. Katika mchujo Dipa alishika nafasi ya nane kwenye mruko, ambayo ni ya mwisho kuingia fainali, lakini kwa jumla ya vifaa vyote vinne alikuwa wa 51. Yaani tulikuwa tunamtazama mchezaji ambaye yeye na kocha wake walikuwa wameweka karibu kila walichonacho kwenye kapu moja, kwa kujua kwamba wakigawanya rasilimali hiyo ndogo kwenye makapu manne wasingeingia popote. Kati ya mchujo na fainali kulikuwa na siku saba, na katikati yake ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, akitimiza miaka 23. Nandi aliichomoa kadi ya simu yake na kumfungia chumbani, akiruhusu mazungumzo na wazazi peke yao. Mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye nchi nyingine huja naye tangu siku ya kwanza, alifika kumhudumia baada tu ya kufuzu fainali.

Pengo la 0.150 kwa wastani ni pengo la 0.300 kwa miruko yote miwili, yaani thamani ya kosa moja la ukubwa wa kati. Kule kuchuchumaa pekee kulimgharimu kiasi kama hicho au zaidi. Wengi walijiuliza kama angepata shaba kwa kutua akiwa amesimama wima zaidi, na jibu la hesabu ni kwamba ingewezekana kabisa. Mimi nadhani swali hilo linakosea mahali pa kuangalia. Kutua wima baada ya samasoti mbili za mbele kunataka kimo zaidi hewani, na kimo hutoka kwenye maelfu ya marudio salama ndani ya shimo la sponji tangu ukiwa mdogo. Zile 0.300 zilipotea Agartala miaka mingi kabla ya Rio.

Inafaa kumlinganisha na wanawake wengine wa India ambao mwaka huohuo waliingia mahali ambapo hawakutarajiwa. Tarehe 18 Juni 2016, Avani Chaturvedi, Bhawana Kanth na Mohana Singh walipewa kamisheni kama wanawake wa kwanza wa jeshi la anga la nchi hiyo katika mkondo wa ndege za kivita. Rio kwenyewe, India ilipata medali mbili, zote za wanawake: fedha ya P. V. Sindhu katika badmintoni na shaba ya Sakshi Malik katika mieleka. Marubani wale walipita kwenye mlango ambao serikali iliufungua kwa amri, na ndani yake kulikuwa na chuo, ndege na wakufunzi waliokuwepo tayari. Sindhu alikuwa na chuo cha kocha wa badmintoni Pullela Gopichand mjini Hyderabad, na Malik alitoka Haryana, ambako mieleka ina mizizi vijijini. Kwa hao kikwazo kikubwa kilikuwa jinsia yao mbele ya taasisi au desturi iliyokwisha kusimama. Dipa hakukuta taasisi ya kumkatalia. Hilo ni tatizo la aina nyingine, na sera ya kufungua milango hailiponyi.

Umaarufu ulipokuja, nao ulikuja na kichekesho chake. Pamoja na Sindhu, Malik na Gopichand, Dipa alizawadiwa gari la BMW, na nyota wa kriketi Sachin Tendulkar ndiye aliyewakabidhi funguo. Familia ikalitafakari gari lile na barabara za Agartala, ambako hata karakana ya kulihudumia haikuwepo, ikaomba kulirudisha. Badala yake alipata fedha na kununua gari la kawaida zaidi. Katika siku hizohizo, mara tu baada ya kurudi kutoka Rio, alikaa kwenye chumba cha mtihani wa shahada ya uzamili ya sayansi ya siasa. Kwangu mtihani ule unaeleza mengi kuliko Khel Ratna, tuzo ya juu ya michezo ya India, aliyopewa mwaka huo au nishani ya kitaifa ya Padma Shri ya mwaka uliofuata. Watu waliohatarisha shingo kwenye samasoti mbili hawakuwa tayari kuhatarisha cheti, kwa kuwa walijua mruko haumlishi mtu mpaka uzeeni.

Bei ilidaiwa haraka. Mwaka 2017 ukano wa goti ulimlazimu kufanyiwa upasuaji, na mwaka huohuo kanuni mpya zilishusha thamani ya Produnova kutoka 7.0 hadi 6.4, hivyo goti na hesabu vikaharibika pamoja. Julai 2018, mjini Mersin nchini Uturuki, alirudi na kushinda dhahabu ya Kombe la Changamoto la Dunia kwa miruko ya ugumu mdogo zaidi. Kisha goti likaanza tena kusumbua, na Olimpiki ya Tokyo ilimpita. Aliyekwenda kuiwakilisha India ni Pranati Nayak wa Bengali Magharibi, jambo ambalo watu hulisahau wanapodai kwamba Dipa hakuacha mrithi.

Uchambuzi wa haki hauwezi kuruka sura ifuatayo. Sampuli iliyochukuliwa mwezi Oktoba 2021, nje ya mashindano, ilikutwa na higenamini, dutu iliyopigwa marufuku ambayo hupatikana katika baadhi ya mimea na virutubisho. Dipa alisema aliimeza bila kujua, na shauri likamalizwa kwa makubaliano: adhabu ya kufungiwa kushindana kwa miezi 21, iliyokwisha Julai 2023. Mwanamichezo anawajibika kwa kila kinachoingia mwilini mwake, na kanuni hiyo ni sahihi. Ila wanamichezo wa mataifa makubwa huwa na mtaalamu wa lishe anayesoma kila lebo kabla ya kopo kufunguliwa, na hapa tena tunakutana na mtu aliyekuwa akifanya peke yake kazi inayofanywa kwingineko na kikosi.

Tarehe 26 Mei 2024, mjini Tashkent, Dipa aliingia fainali ya mruko ya mashindano ya Asia akiwa na umri wa miaka 30. Hakukuwa na Produnova. Alifanya miruko ya kiasi, akaitua vizuri, akapata wastani wa 13.566, alama ambayo huko Rio isingemfikisha hata fainali. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya India katika historia ya mashindano hayo. Tarehe 7 Oktoba mwaka huo alitangaza kustaafu. Aliyemfuata Tashkent, Kim Son Hyang wa Korea Kaskazini, alikuwa na 13.466, na pengo lilikuwa 0.100, safari hii kwa upande wake.